Aliyekagua Kifusi Kama Ng'ombe wa Mahari

Nilisikia honi kabla sijaliona lori. Ililia mara tatu nyuma ya kona, hapa Nkende, kisha lori likatokea na kusimama mbele ya kibanda nilipokuwa nakunywa chai. "Mwandishi," dereva aliniambia bila kushuka, "yule mzee wako wa nondo ametutoka. Amefia kwake Ringwani, alfajiri." Halafu dereva huyo, aliyemtukana mzee msimu mzima wa mvua za mwaka juzi, akafuta uso kwa mkono wa shati.

Mnaosoma safu hii mnajua sisifu mtu kwa sababu tu amekufa. Huyu nilimsifu akiwa hai. Mafuriko yalipobomoa nyumba za bondeni, halmashauri ilimpa mkataba wa kusimamia uondoaji wa kifusi: kampuni ibebe, yeye athibitishe kwamba kimebebwa. Mwingine angethibitisha akiwa kivulini. Yeye alipanda kila lori na kuchomeka nondo kwenye mzigo. Siku moja nondo ilizama kama kwenye uji. Chini ya matofali machache kulikuwa na migomba mitupu.

"Mzee, unakagua lori au ng'ombe wa mahari?" dereva alifoka. Vibarua wakacheka.

"Ng'ombe simchomi nondo, mura, kijana wangu. Yeye hajui kudanganya. Shusha! Kifusi cha mama huyu bado kimeziba kiwanja chake."

Mama mwenyewe, mjane, alikuwa amesimama pale na wanawe. Walikuwa wakilala kwa jirani, na bila kiwanja kusafishwa asingeweza kusimamisha hata nguzo moja. Lori likashushwa, likapakiwa upya.

Kwetu ng'ombe wa mahari hukaguliwa mmoja mmoja. Tunamfungua mdomo, tunamtembeza, na mkwe hakasiriki. Lakini anayekagua kazi ya umma kwa makini hayo tunamwita mkorofi. Nakataa. Mkorofi ni yule anayetia sahihi jambo ambalo macho yake hayakuliona. Mvua nyingine zinakuja, na mkataba wa usimamizi unahuishwa tena, na ndani yake kimo kifungu kilekile kilichomwondoa mzee: msimamizi athibitishe kwa karatasi za kampuni, bila kufika kwenye kazi. Kifutwe! Tusimzike mtu huyu Ringwani, kisha tukamzike mara ya pili ofisini.

Nilikuwepo mwaka jana alipowekewa kifungu hicho mezani. Ofisa, kijana mstaarabu aliyehamishiwa kwetu, alianza kwa heshima.

"Shikamoo, mzee. Ni sahihi tu. Umri umeenda, tunakupunguzia kupanda malori."

"Marahaba, mwanangu. Magoti ni yangu, na hayajakulalamikia." Akasoma tena, polepole, kidole kikifuata mistari. "Mama mwingine akiniuliza kifusi chake kiko wapi, nimwambie nimekisoma?"

Mzee akairudisha kalamu, akavaa kofia yake, akatoka bila mkataba, na mlango ukafungwa nyuma yake.