Muuza Mawese na Divai ya Noeli

Tarehe ishirini na moja mwezi wa nane, mwaka jana, nilimpoteza mume wangu. Alikuwa fundi mwashi hapa mjini Baraka. Aliniachia nyumba ya matofali aliyoijenga mwenyewe, sanduku la vyombo vyake, na kazi moja ambayo sikujua kama ningeiweza: kuchagua divai nyekundu ya Noeli.

Kwa mtu wa nje kazi hiyo inaweza kuonekana ndogo. Lakini kwa wakwe zangu, Noeli huliwa pamoja, huko Nundu nyumbani kwa mama mkwe, na nyumba ya mtoto wa kwanza ndiyo huleta divai. Chupa tatu ni za mezani. Mbili ni za kado, yaani zawadi: moja ya mama mwenyewe, nyingine ya mjomba wao anayevuka ziwa kutoka Ubwari. Aliyeleta ndiye anayefungua, na ndiye anayemmiminia mama glasi ya kwanza mbele ya wote. Mama akishakunywa, anataja nyumba iliyoleta, halafu watu wanakula. Mume wangu alikuwa mtoto wa kwanza. Miaka yote ya ndoa yetu ilitajwa nyumba yetu.

Yeye alijua divai kwa sababu ujanani alifanya kazi jikoni kwa mapadri. Mimi sikujua kitu. Nilizaliwa kwa Waprotestanti, na baba yangu hakuruhusu chupa ya namna hiyo ipite mlangoni. Hata baada ya kuolewa na Mkatoliki niliendelea na maji yangu ya matunda ya marakuja. Kila Desemba nilimsindikiza mume wangu madukani, nikamshikia kitunga, nikamngoja amalize. Sikumuuliza hata mara moja anaangalia nini. Kati ya mambo ninayojutia, hilo linarudi mara nyingi.

Siku ya kuondoa kilio, watu walipokuwa wamekula na kutulia, wifi yangu alisimama. Ni dada anayemfuata mume wangu.

"Mama, divai ya Noeli mwaka hii itatoka kwangu," alisema. "Huyu wifi hanywake. Atachagua namna gani?"

"Ataangalia picha ya chupa," mtu mmoja akasema kutoka nyuma, na watu wakacheka kidogo.

"Ye anajua mafuta ya mawese," wifi akaendelea. "Mafuta na divai si kitu moja."

Hakuwa amedanganya. Ninauza mawese sokoni, ndiyo kazi yangu. Mama mkwe akasema:

"Bwana yake tumemuzika juzi. Alete. Na wewe leta yako. Tutaonja zote mbili siku ile. Yake ikiwa mubaya, kazi inaenda kwako, na hakuna muntu atasema tena."

Sitaki kumsema wifi vibaya. Alimlilia kaka yake mpaka sauti ikamtoka. Aliona tu kwamba kazi ya mwanaume yule haifai kuharibikia mikononi mwa mtu asiyeijua. Lakini mimi nilielewa jambo lingine. Mezani pale haitajwi mtu, inatajwa nyumba. Divai ikianza kutoka kwa wifi, nyumba ya mume wangu haitatajwa tena Noeli yoyote, na watoto wangu watakula kama wageni.

Desemba ilipoanza nikatoka kununua, na nianze kwa kosa langu. Kwenye barabara kubwa kuna duka ambalo hupanga chupa mlangoni. Nilipita saa nane mchana. Jua lilikuwa limezipiga, zikawaka nyekundu kama makaa. Mwenye duka alinipa moja nzito, imevikwa karatasi ya dhahabu shingoni, na tako lake limeingia ndani mpaka ngumi inaingia.

"Mama, sikia uzito," aliniambia. "Hii njo bakubwa banakunywaka."

Nikasikia uzito, nikaamini. Ilinigharimu bei ambayo ingenunua tatu za kawaida.

Nyumbani ilibidi nifungue sanduku la mume wangu kutafuta tirbushoni, kile chuma cha kuvutia kizibo. Sanduku halikuwa limefunguliwa tangu mwezi wa nane. Tirbushoni ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa safi, kati ya mwiko na timazi, na chokaa ilikuwa bado imeshika kwenye mpini wa mwiko. Nilikaa nayo mkononi muda. Kisha nikafungua chupa, nikamimina kwenye kikombe, nikanusa. Ilinuka matunda yaliyochemshwa sana, na nyuma yake siki. Nikaonja. Hicho kilikuwa kinywaji cha kwanza cha divai maishani mwangu, na kilikuwa kimeoza.

Aibu niliyoisikia haikuwa ya pesa. Nimeuza mawese zaidi ya miaka ishirini. Wamama wa kijiji cha Lubondja wanaponiletea bidoni, yale madumu ya mafuta, sianzi na bei. Ninaweka kiganja kwenye tumbo la bidoni kusikia kama ina joto. Ninainamisha nione kilichokaa chini. Ninafungua kifuniko na kunusa kifuniko chenyewe, kwa sababu ndicho kinachotunza harufu ya zamani. Ninauliza imelala wapi njiani. Bidoni iliyosimama juani siichukui hata wakinipa bure, mafuta yake yamekwisha kuchacha. Haya yote ninayajua. Halafu nikanunua chupa iliyosimama juani, kwa sababu iling'aa.

Nikiwa bado nimekaa na kikombe kile, nikamwona mume wangu dukani kama alivyokuwa. Alikuwa akiweka kiganja kwenye tumbo la chupa. Alikuwa akiiinamisha kuelekea mwanga. Alikuwa akipitisha kidole kuzunguka kizibo. Kwa miaka yote ile nilidhani ni ufundi wa mapadri. Alikuwa akifanya ninachofanya mimi kila asubuhi sokoni.

Kesho yake nilikwenda kwenye depo moja nyuma ya soko. Ni nyumba ya udongo yenye kuta nene, ndani giza na baridi, inauza mchele, sukari na chupa chache za divai. Mwenyewe ni mzee mmoja mnene, tunamwita papa, anayenunua mafuta kwangu.

"Mama ya mafuta! Leo unakunywa?"

"Leo ninachagua."

"Chukua ile ya mbele, njo iko na karatasi muzuri."

"Ile ya mbele imekaa pale toka lini?"

Alikuna kidevu. "Toka Pasaka."

"Na zile za nyuma?"

"Karto ya nyuma imefika juma lililopita, kwa barabara ya Uvira. Lakini mama, ile ni ya bei ya chini. Chupa nyepesi, haiko hata na dhahabu."

"Dhahabu haikunywewake, papa. Fungua karto."

Akafungua lile boksi la karatasi ngumu, nikaweka kiganja. Chupa ilikuwa baridi kama ukuta wa nyumba ile. Nikazitoa moja moja mpaka mlangoni penye mwanga, nikaziinamisha. Zote zilikuwa zimejaa mpaka shingoni, kwa kimo kimoja. Hakuna iliyokuwa imevuja kuzunguka kizibo. Kifaransa changu ni cha darasa la sita, lakini kilitosha kusoma kwenye karatasi yake kwamba ilitoka Hispania na kwamba haikuwa imetengenezwa zamani. Nikachukua moja.

"Moja?" papa akashangaa. "Unafanyia panya Noeli?"

"Moja kwanza. Ikiwa muzuri nitarudi kuchukua tano. Niwekee."

"Nikuwekee bila kitu?"

"Ulishakuta maji ndani ya mafuta yangu?"

Akacheka, akachukua kipande cha makaa, akaandika juu ya karto: MAMA MAFUTA.

Jioni hiyo nilipika mbuzi na nyanya. Nilionja divai peke yake kwanza, na ulimi ukakauka kama nimetafuna ndizi mbichi. Nikasema, nimekosa tena. Kisha nikala kipande cha nyama chenye mafuta, nikanywa kidogo juu yake. Mafuta yakaondoka mdomoni, na nyama ikarudi na ladha ambayo sikuwa nimeisikia mwanzoni. Nikarudia ili niwe na hakika. Nikajaribu na mukeke wa kukaanga uliobaki mchana: ikawa kama nimelamba msumari. Basi samaki nikamweka pembeni. Kesho yake mchana, ndani ya joto, divai ile ile ilichoma koo. Nikaitia chupa kwenye ndoo ya maji ya kisima, nikangoja mpaka nimalize kupepeta mchele. Ikatulia. Hapo nikakumbuka ndoo ya mume wangu kule Nundu, na jinsi ndugu zake walivyokuwa wakimcheka kila mwaka kwamba anaogesha chupa.

Nilirudi depo, nikachukua tano. Mbili ambazo karatasi zake zilikuwa zimenyooka na safi nikazitenga kwa kado, kwa sababu kado inatazamwa kwanza. Nikazifunga kwa vipande vya kitenge kipya, na ndani ya kila moja nikaweka karatasi niliyoiandika kwa mkono: Kunywa na nyama. Weka kwanza ndani ya maji baridi. Bei ya chupa zote tano pamoja haikuizidi sana bei ya ile moja ya dhahabu.

Siku ya Noeli nilipanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Nundu, kitunga mapajani, chupa zimelala ndani ya majani ya sombe, yale ya muhogo. Nilipofika, nikaona chupa ya wifi tayari imesimama katikati ya meza uani. Ilikuwa na karatasi ya dhahabu shingoni. Tako lilikuwa limeingia ndani.

Ninasema ukweli, moyo wangu ulifurahi kabla sijauzuia. Nilikwenda mpaka kwenye chungu cha nyama, nikasimama pale, kisha nikarudi. Nikamvuta wifi pembeni.

"Wifi, chupa kama ile nami nilinunua. Kwenye duka la barabarani, mlangoni. Jua liliiharibu. Usiifungue. Tutafungua zangu, tuseme tumeleta pamoja."

Alinitazama juu mpaka chini. "Umeanza kuogopa."

"Ninakuambia nilichoonja."

"Wewe? Ulionja?" Akacheka kwa nguvu mpaka wengine wakageuka. "Mama, sikieni! Muprotestanti anatufundisha divai!"

Nikaomba ndoo na maji, nikazilaza chupa zangu. Wakacheka tena. "Anaogesha kama bwana yake," mjomba wa Ubwari akasema, lakini yeye alisema kwa upole.

Nyama ikaletwa. Wifi akafungua yake, akamjazia mama glasi. Mama akanywa, akameza kwa heshima, akaweka glasi chini polepole. Mjomba akanywa yake, akakunja uso.

"Hii tuchovyee nyanya," alisema. "Mulipata wapi siki muzuri hivi?"

Watu wakaanza kuguna. Wifi akaonja mwenyewe, akaisukuma glasi pembeni.

Nikatoa chupa kwenye ndoo, nikaipangusa na pembe ya kitenge. Tirbushoni ya mume wangu niliijua sasa, kizibo kikatoka bila kuvunjika. Nilisubiri mama amalize kipande chake cha nyama, kisha nikamiminia. Akanywa. Akatafuna nyama nyingine, akanywa tena mpaka mwisho. Alininyoshea glasi.

"Ongeza," akasema.

Ua ukalipuka kwa vigelegele. Mama akaniangalia na glasi mkononi, macho yamejaa maji.

"Mwanangu ameleta," alisema.

"Mama, ni mimi nimeleta," nikamjibu, kwa sababu sikutaka sifa ya uongo hata siku hiyo.

"Ninajua ni wewe. Ninasema nyumba." Akainua sauti ili wa nyuma wasikie. "Nyumba ya mutoto wangu wa kwanza imetuletea divai. Mwaka ujao italeta tena. Mukule sasa!"

Nilizunguka meza nzima nimebeba chupa, kichwa juu, nikimimina kila glasi. Tangu mwezi wa nane sikuwa nimetembea hivyo. Kwa mjomba nilipita mara tatu. Glasi ya mwisho ilikuwa ya wifi. Aliinyosha bila kuniangalia.

"Basi, mama ya mafuta. Nipe na mimi."

Akanywa na nyama yake, akanywa tena. Halafu akauliza kwa sauti ndogo ni ya bei gani. Nikamwambia. Akafunika mdomo kwa kiganja, mabega yakaanza kutikisika, na nilipoinama nikakuta anacheka. Nami nikacheka.

Tarehe thelathini alikuja Baraka asubuhi, akanikuta sokoni. Alitaka chupa ya Bonane, yaani Mwaka Mpya, ya kumpelekea mkubwa wa kazi wa mume wake, na alitaka twende wote. Nikafunika bidoni zangu, tukatoka. Tulipopita kwenye duka la barabarani, chupa zilikuwa zimepangwa mlangoni kama kawaida, na mwenye duka akatuita. Wifi akasimama. Akaweka kiganja kwenye tumbo la ile ya dhahabu, akakiacha hapo kidogo.

"Iko moto," akasema, na tukaendelea kwenda depo.