Mama Valerian na Kondo Moja

Mama mkwe wangu anaitwa Suzana, lakini Ushirombo yote inamwita Mama Valerian, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Ni mama mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe walioko ng'ambo ya bonde. Amelima karanga na mpunga tangu utotoni, amelea watoto saba wa kwake, na wajukuu ambao wazazi wao walikwenda migodini kutafuta maisha wakasahau njia ya nyumbani. Kuimba hajui, ila kila Jumapili anaimba, na paroko ameshamzoea. Namtania, lakini nikisali jina lake hulitanguliza kabla ya la mama yangu mzazi, na mama yangu analijua hilo.

Mimi ni Meshack, naendesha bodaboda Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu. Mke wangu Jenifa ni kitindamimba wa Mama Valerian. Mimba yetu ya kwanza ilipokua haraka kuliko kawaida, mama yake alikuja kumsindikiza kliniki. Jenifa akapigwa ultrasaundi, wakaonekana mapacha.

Daktari, kijana mpole aitwaye Deogratias, alitupa maneno yake ya shule kisha akayafungua moja moja. Watoto ni monozigoti, alisema, yaani wametokana na yai moja lililojigawa. Tena ni monokorioni, wanalishwa na kondo moja la nyuma. Ila si monoamnioti: kila mmoja anaelea kwenye mfuko wake wa maji, na kwa hilo tushukuru. Hiyo mono, alisema, maana yake ni moja tu, msiiogope.

Mama Valerian akauliza, "Mwanangu daktari, hilo kondo moja, nani anawagawia?"

Daktari akaweka kalamu chini. Alisema hakuna anayegawa. Mishipa yao ya damu inaweza kuwa imeungana humo ndani, na mara nyingine mmoja akapokea damu nyingi mno na mwenzake akapungukiwa. Hapo wote wawili wako hatarini, hata yule anayepokea, kwa sababu moyo wake unaelemewa.

"Nimewapakulia watoto sahani moja miaka yote," mama akasema. "Mwenye mkono mwepesi anamaliza mboga, mdogo anabaki kulamba ukingo. Lakini sahani yangu nilikuwa naiona. Hii ya ndani nani ataiona?"

"Mashine itaiona, mama. Ndiyo maana nataka mrudi kila baada ya wiki mbili."

Mimi masikio yangu yalikuwa yameishia kwenye kondo moja. Kwetu Kishapu, waliokula sahani moja ndio ndugu wa kweli, na wangu walikuwa wameanza hata kabla ya kuzaliwa. Jioni ile nilinunulia soda kijiwe kizima. Mama yangu alipiga vigelegele kwenye simu mpaka masikio yakaniuma.

Wiki zikapita, tukaenda na kurudi, na kila tulipokwenda tuliambiwa watoto wako sawa. Mama Valerian akarudi Ushirombo kung'oa karanga zake. Huku nyuma mama yangu akaanza kulalamika kwamba barabara ina mashimo, kwamba mtikisiko utamharibia Jenifa mimba, kwamba zamani mapacha walizaliwa bila mashine. Nikaona maneno yake yana uzito. Nikampigia mama mkwe simu kumwarifu kuwa safari hii tutapumzika.

Akakata simu. Kesho yake alishuka kwenye gari Kakola, kanga imejaa vumbi, karanga ameziacha shambani.

"Mkwe," akasema hata kabla ya kupokea maji, "ukikuta watoto wamegawana vizuri mara tatu, mara ya nne unaondoka jikoni?"

Nikatafuta gari, tukaenda.

Siku hiyo mfuko wa mtoto mmoja ulikutwa umefurika maji, wa mwenzake umekaribia kukauka. Daktari Deogratias hakutumia neno lolote la shule. Aliita gari la wagonjwa, tukakimbizwa hospitali kubwa Mwanza. Jenifa akachomwa sindano za kukomaza mapafu ya watoto, halafu akafanyiwa upasuaji. Kulwa alitoka mnene, mwekundu. Doto alitoka mdogo amepauka, akaongezewa damu. Daktari bingwa aliniambia kwamba tungesubiri wiki mbili nyingine ningezika wawili. Nililia mbele yake, na sioni haya kusema hivyo. Ninapoandika haya wanakimbizana uani, na mkorofi ni Doto.

Lakini siku zile za kwanza hakuna aliyethubutu hata kumwita kwa jina. Wote tulisema "yule mdogo," kama tunaogopa kumzoea. Jenifa alikuwa bado kitandani na mshono wake. Nesi akasema watoto wanahitaji joto la mwili, wabebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, na vifua vinavyotakiwa ni viwili. Mama Valerian akaketi kwenye benchi, akafungua blauzi, akampokea Kulwa.

Mimi nikabaki mlangoni. Kwetu mwanaume havui nguo mbele ya mama mkwe. Hata kukaa naye benchi moja ni mtihani. Nikaangalia sakafu. Nesi alisimama na yule mdogo mikononi, akimtafutia mtu.

Mama Valerian hakugeuza hata shingo.

"Vua shati, Baba Doto."

Nikavua.