Damu Safi, Uvimbe Bado

Saa nne asubuhi, Hajira Mdoe anachungulia benchi la nje ya maabara kwa mara ya tatu. Mwaija, mgonjwa anayemsubiri, hayupo. Daktari wa kupima uvimbe kwa sindano, ambaye hufika Korogwe mara moja kila wiki mbili, ataondoka saa nane.

Anapiga simu. Kwanza anasikia sahani na vigelegele.

"Karibu pilau, mdogo wangu!" Mwaija anapaza sauti. "Tunasoma dua ya shukrani. Si wewe uliyeniambia damu safi?"

Hajira anakumbuka. Ni kweli, alisema. Mtaalamu huyu wa maabara, miaka 34, anapima hadi sampuli sitini kwa siku, na kwa miaka tisa amezoea kumtoa mtu hofu dirishani. Juzi alisoma kipimo cha homoni za tezi ya shingo, akaona kawaida, mdomo ukamponyoka: "Majibu mazuri, dada."

"Damu ilisema tezi inafanya kazi," anaeleza. "Haikusema ule uvimbe ni wa nini. Mtu anaweza kuwa na saratani ya tezi na homoni zake zikawa kawaida kabisa."

Vigelegele vinameza sauti yake. Anapanda bodaboda hadi Ngombezi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la mkonge, ambalo Mwaija huchambua nyuzi zake. Watu wamejaa hadi barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeletwa na ugonjwa au na harufu ya nyama?" anatania mzee Mhina, baba mkwe wa Mwaija. Kicheko kinapasuka.

Hajira hacheki. "Nimeletwa na kosa langu, mzee. Altrasaundi ya shingo ya Mwaija ilionyesha uvimbe mgumu. Bila kunyonya chembe zake kwa sindano, hakuna anayejua."

"Unamfuata mtu mzima hadi kwake umchome shingo?" anafoka Mustafa, mume wa Mwaija. "Mbele ya wageni wangu?"

Mwaija anajipapasa shingo, anajitanda kanga, anatafuta viatu.

"Kuleni," anasema. "Msinisubiri."

Saa nane kasoro dakika kumi, hospitalini, sindano inaingia. Hajira anapaka chembe kwenye vioo.

Siku kumi na mbili baadaye jibu linarudi: saratani. Daktari anasema wamewahi, haijasambaa. Mwaija amepangiwa upasuaji Jumanne.

"Nitampeleka mwenyewe hadi mlango wa chumba cha upasuaji," anasema Hajira.

Mustafa hajamsemesha Hajira tangu siku ile.

"Aninunie tu. Mradi mkewe arudi nyumbani mzima. Hata Mwaija naye akitaka kuninunia, aninunie."