Simbilisi wa Kwenye Jeneza

Wakazi wote wa Mafinga, wapasua mbao, wapakia malori na ninyi mnaowatazama tu wakipakia, mnatangaziwa kwa heshima na taadhima kwamba Sosthenes, fundi majeneza, mtu asiyejua kubembeleza mtoto wala mteja, ameonekana kapiga magoti akimpaka simbilisi dawa ya ngozi na kumwambia, "Pole, mama."

Wengine huku hufuga simbilisi jikoni, hao wanyama mithili ya panya wakubwa wasio na mkia, wakinenepa ni mboga. Sosthenes hawali. Simbilisi wake wanaishi kwenye jeneza ambalo halikuja kuchukuliwa: mzee aliyepimiwa alipata nafuu, akaoa.

Masika haya akawatandikia maranda mabichi. Unyevu ukakaa, manyoya yakaanza kunyonyoka, ngozi ikabaki na viduara vikavu vyenye magamba. Choa. Sosthenes akafuata oili chafu, ileile anayopaka nguzo zisiliwe na mchwa.

"We baba! Hao ni nguzo za ua?" mkewe, Lea, akamnyang'anya kopo. "Wanajilamba hao, utawaua. Na nisikie mtu wa nyumba hii ameota choa. Siku hiyo nabandika sufuria."

Sosthenes akamwendea Clement, bwana mifugo, ambaye alicheka kwanza.

"Fundi, dawa ya simbilisi si chumvi na ndimu?"

Sosthenes hakucheka. Clement akamtazama usoni, akaacha utani, akamwelekeza: Tenga wagonjwa. Choma maranda, tandika makavu. Paka dawa hii ya fangasi, na manyoya yakianza kuota usiache, endelea mpaka nikwambie. Vaa glovu.

Yote aliyafuata isipokuwa glovu. Mikono ile imezoea randa. Glovu ya kwanza ilipasuka, ya pili haikupita hata kidole gumba.

Manyoya yakarudi. Ila Sosthenes akawa havui sweta, na kwa baridi ya Mafinga nani angeuliza? Mpaka Lea alipomkuta anajisugua kwenye fremu ya mlango kama ng'ombe.

"Vua."

"Baridi."

"Vua, nimesema!"

Viduara kifuani, viduara mabegani. Lea akakoka moto, akabandika sufuria kubwa, ile ya misiba.

Fundi akasimama mbele ya jeneza, mikono kaitanua.

"Lea, wamepona hawa. Kama ni kupika, nipike mimi."

"Wewe? Mgumu hivyo, utanimalizia kuni." Akaokota sweta sakafuni, akalitumbukiza kwenye maji yanayochemka, na shuka zikafuata. "Choa kinafuliwa, mume wangu, hakiliwi. Ulidhani nitakula wagonjwa wako?"

Sosthenes akashusha mikono. Ndani ya jeneza mmoja akalia wiii, akidai majani yake.

Lea akamtupia kopo la dawa. "Haya, mtetezi wa wanyonge. Umeshinda. Una neno?"

Sosthenes akafikiri.

"Mgongoni sifiki."