Mbwa Mrefu wa Apolinari

Apolinari wangu hakuwaga mtu mbaya. Hakuwa mlevi, hakunipiga, na kanisani alikwenda hata mvua ikinyesha. Ila akishaamua jambo, basi tena, hata baba askofu angekuja kumpigia magoti angerudi alivyokuja. Na alichoamua mwaka ule, enzi za Mwingereza, mie nikiwa na mimba yangu ya kwanza, ni kufuga mbwa.

Mbwa! Nyumbani kwa Mzee Hilal!

Nyie hamkumjua Mzee Hilal. Alikuwa Mwarabu wa Temeke, mwenye duka la mchele na mafuta ya taa upande wa barabarani, na sie wapangaji wake tulikaa chumba cha nyuma, ua mmoja na yeye. Kununa alianza asubuhi, akamaliza akilala. Siku aliyotupangisha alitoa masharti mawili tu: nguruwe asipikwe, mbwa asiingie. Apolinari akaitikia, "Hakuna neno, mzee," tena kwa kuinama.

Mkewe, Bi Badriya, alikuwa mtu mwingine kabisa. Yeye hakujaliwa mtoto. Tangu tumbo langu lilipoanza kuonekana, ndoo sikuinua tena, ananipokonya mkononi. Uji wa asubuhi ananiletea mwenyewe, ananisimamia mpaka niumalize. "Utajifungulia mikononi mwangu, Jovina mwanangu," ananiambia, "nani mwingine unaye hapa?" Na kweli sikuwa na mwingine. Mama yangu alikuwa Bukoba, safari ya treni na meli. Nilimpenda Bi Badriya mno, na kuhama pale lilikuwa jambo nisilotaka hata kulisikia.

Sasa Apolinari alikuwa mkagua tiketi kwenye treni ya Tabora, akiondoka haonekani siku nyingi. Safari moja, yeye hayupo, wezi wa upondo wakatuingilia. Hawaingii hasa, wanapitisha dirishani mti mrefu wenye ndoano, wanavua nguo kama samaki. Wakachukua suruali yake ya Jumapili, khanga zangu mbili na pazia lenyewe. Aliporudi na kunikuta naogopa hata kulala, akasema, "Nitakuletea mbwa."

"Na Mzee Hilal?"

"Akimwona atampenda."

Loh! Mwanamume mzima, na akili zake timamu.

Kibamba kulikuwa na mama wa Kizungu, mjane, aliyezalisha mbwa shambani kwake akiwauzia Wazungu wenzake. Wenyeji walimwita Bibi Majibwa, naye alijua na hakujali. Apolinari aliwahi kumtetea mbwa wa mama huyo asishushwe kwenye treni, naye akaahidi kumpa mtoto wa mbwa kwa bei ya kirafiki. Basi siku hiyo mume wangu akavaa koti na tai.

"Bwana," nikamwuliza, "tunakwenda kununua mbwa au kuposa?"

Nilitania, kumbe ndiyo posa yenyewe. Bibi Majibwa alitukalisha barazani, akatupa chai, akaanza. Nyumba yenu ina ua? Mume anakunywa? Akikasirika anapiga? Nyama nani atapika? Apolinari akajibu yote mikono magotini, na kwa kuwa ni Mhaya, akaona haitoshi, akamtajia na ukoo wake, baba, babu, baba wa babu, na mwiko wao. Yule mama akafurahi mno! Naye akatutajia ukoo wa mbwa: baba yake nani, babu yake alikuja kwa meli kutoka Ujerumani, bibi yake alishinda kikombe Nairobi. Wakawa wanatikisiana vichwa kama wakwe. Mie nilipoolewa sikuulizwa nusu ya maswali yale.

Hatimaye mwana akaletwa. Nikatazama. Nikangoja miguu iliyobaki iletwe, haikuletwa. Mwili mrefu kama benchi la kanisani, miguu kama ya bata, masikio yanafagia sakafu. Jina lake Maksi.

"Huyu ndiye atakayemkamata mwizi?" nikamnong'oneza mume wangu.

"Hujasikia ukoo wake?"

"Labda mwizi atacheka, tumsikie."

Bibi Majibwa akamfunga Maksi kwenye kipande cha blanketi, akambusu puani, machozi yakamtoka. "Mbwa yangu hapana rudi," akamwambia Apolinari. "Wewe apa." Na Apolinari, mbele yangu, akamwapia kwa Bikira Maria kwamba hatamrudisha kamwe. Hapo nikajua tumekwisha.

Tulirudi mjini kwa lori la mkaa. Dereva akaniweka mbele kwa ajili ya tumbo langu, na Maksi mapajani. Hatujafika mbali Maksi akalia, akaikojolea khanga yangu, akamtafuna dereva mkono wa shati. Dereva akasimamisha gari, akasema ama mbwa apande juu ama ashuke. Basi akapandishwa kwa Apolinari, juu ya magunia. Tulipofika Temeke wakashuka viumbe wawili weusi tititi, macho tu yanang'aa, mmoja kavaa tai.

Mpango wa Apolinari ulikuwa tupitie mlango wa ua polepole, mbwa ndani ya blanketi, aogeshwe, ndipo aonyeshwe. Mpango mzuri. Ila saa ile ilikuwa ya alasiri, na Mzee Hilal alikuwa uani kwenye kigoda, birika pembeni, ametia udhu, amebakiza mguu wa kushoto tu, kaunyoosha mbele unachuruzika maji.

Maksi alikuwa na kiu tangu Kibamba. Alichomoka kwenye blanketi, sikujua miguu ile inaweza kukimbia vile, akaenda moja kwa moja akaulamba ule mguu. Akaulamba vizuri, kisigino mpaka vidole.

Mzee akautazama mguu, akamtazama mbwa.

"Lahaula!" Mzee Hilal akaruka juu. "Badriya! Badriya! Maji! Udongo! Nimenajisika!"

Kwao, ulimi wa mbwa ukikugusa si mchezo. Unajiosha mara saba, na moja iwe kwa udongo. Bi Badriya akaja mbio na kata na ndoo, mzee akasimama kwa mguu mmoja kashika nguzo, akaoshwa. Lakini hasira hazimwachi. Akioshwa kidogo anageuka kumtukana Apolinari, "Mshenzi wewe, nilikwambia nini?" akigeuka tena amesahau wamefika ngapi, wanaanza upya. Mara ya pili vivyo hivyo. Apolinari, mtu wa kusaidia, akajitolea kuhesabu.

"Ya tano hiyo, mzee."

"Nyamaza! Unihesabie wewe, uliyeninajisi?"

Wakaanza tena. Mie nilikuwa nimeegemea mlango, nacheka na kulia kwa pamoja, kwa kuwa niliona wazi chumba kinatutoka.

Aliposwali akarudi, akasimama mbali. "Apolinari. Dini yetu haikumkataza mbwa moja kwa moja. Mbwa wa kuwinda ana ruhusa. Wa shamba, ruhusa. Wa kulinda mifugo, ruhusa. Wako wewe wa nini?"

"Wa kumlinda mke wangu, mzee."

"Mke si mfugo!"

"Ndiyo, mzee, lakini—"

"Mke si mfugo!" Bi Badriya naye akadakia toka jikoni, na hapo ndipo pekee siku ile waliposikilizana.

Likakatwa shauri: mpaka Ijumaa mbwa aondoke, au tuondoke sote. Nikamwomba Apolinari amrudishe Kibamba. Akasema ameapa. Nikamwambia Bikira Maria mwenyewe ni mwanamke, ataelewa. Akasema Jumamosi anasafiri, hawezi kuniacha tena bila mlinzi, na Kinondoni kuna chumba. Nikampandishia.

"Mlinzi gani huyu? Ameshindwa kupanda ngazi ya mlangoni! Mwenye kunilinda ni Bi Badriya, na wewe unanitenga naye!"

Akainama, akampangusa Maksi masikio. Alikuwa ananipenda na ananiua, papo hapo.

Siku zile uji niliendelea kuletewa, ila Bi Badriya hakusimama nimalize. Anaweka bakuli anaondoka, uso kaugeuza. Na jikoni kwake nilisikia sufuria zikigongwa, na Mzee Hilal akilalamika wali una mchanga. "Kaoshe mara saba," akajibiwa.

Ijumaa ikafika. Nimefunga masanduku, nimekalia moja katikati ya chumba, nalia waziwazi bila kujificha. Apolinari kakunja godoro. Maksi, aliyekwisha kuoga na kuwa wa kahawia, kalala ndani ya kofia ya kazi ya mume wangu. Tukamsikia Mzee Hilal anarudi kutoka msikitini, na kitu kinakwaruza nyuma yake.

Tukatoka. Kanzu nyeupe, kofia, na mkononi kamba. Mwisho wa kamba, mbuzi jike, mwenye sura ya kununa hasa kama ya mwenyewe. Akamfunga kwenye nguzo mbele ya mlango wetu, akajipangusa mikono, akamwambia Apolinari huku akitazama ukuta:

"Nimenunua mfugo. Mfugo unahitaji mlinzi. Huyo wako kaa naye, ila asivuke nguzo hii, na mguu wangu asiuone tena."

Akaingia dukani. Bi Badriya alikuwa mlangoni kwake, mtandio mdomoni, mabega yanamtikisika. Akaja akanifuta machozi, tukakumbatiana pale pale, tumbo langu katikati, tukalia mpaka Apolinari akaona aibu akaenda kukunjua godoro.

Mbwa yule hakulinda kitu. Mbuzi akikohoa tu, Maksi yuko chini ya kitanda changu. Lakini Apolinari alisafiri na roho yake kwatu, na binti yangu alizaliwa chumbani mle, mikononi mwa Bi Badriya kama alivyoahidi, Mzee Hilal akizunguka uani akigombana na kila mtu mpaka akasikia sauti ya mtoto.

Ilipofika Idi, wakaja ndugu za Mzee Hilal kutoka Kariakoo. Wakamwona mbuzi, kanona, manyoya yanang'aa. Mmoja akamshika mgongo, akasema, "Hilal, mnyama wote huu, na wewe unatupikia kuku? Lete kisu."

Mzee Hilal akasimama, akamtoa yule mtu mkono mgongoni mwa mbuzi.

"Huyo haguswi," akasema. "Mkimchinja huyo, Jovina atahama."