Sayari za Nyota Mfu na Treni ya Kasai

Mjomba wangu, mwalimu wa fizikia, alinieleza habari ya zile sayari akiwa ameketi juu ya godoro lililokunjwa, uwanjani mwa stesheni ya Likasi, akingojea treni pamoja na umati wa watu. Ni miaka ile watu wenye asili ya jimbo la Kasai walipoambiwa warudi kwao. Mjomba alikuwa anarudishwa mahali ambapo hajawahi kukanyaga, maana alizaliwa Likasi, kama mama yangu. Baba alikuwa mtu wa hapa hapa. Shuleni niliulizwa niko upande gani.

Redio, alisema mjomba, imetangaza sayari zilizo mbali kabisa na jua letu, zinazozunguka nyota iliyokufa.

"Ilikufaka, lakini iko inapiga," alisema, akigonga sufuria kwa kidole. "Tok, tok, tok. Siku moja benye kuchunguza nyota wakaona mapigo ingine inawahi, ingine inachelewa. Ndjo wakajua kuko vitu vinaivuta."

"Zile sayari, Tonton, zilikuwako mbele nyota ifwe, ao zilikuya kisha?"

"Miye sijue. Hata bo benyewe habajue."

Jibu hilo liliniudhi. Nyumbani nako hakuna aliyejua lolote. Mama alitaka kwenda na kaka yake. Baba hakusema ndiyo wala hapana. Kila asubuhi alikwenda kiwandani, ambako kazi ilikuwa imekwisha, akarudi.

Sisi hatukuishi kwa saa ya ukutani. Tuliishi kwa king'ora cha kiwanda, ambacho kiliendelea kulia hata kazi ilipokwisha: kikilia, maharagwe yanaepuliwa, wanaume wanavaa buti. Saa tulikuwa nayo, ila kila mtu aliiona mwongo. Kwa hiyo treni ilipofika hatimaye, baba alimwambia mama kitu ambacho mtu wa mji mwingine angekiona wazimu.

"Funga vitu, enda ku stesheni. Sirène ya midi ikilia, nitakuya kule, nitasema kama munaenda ao munabakia."

Tukafunga. Mama akaketi juu ya mzigo kando ya mjomba, mdogo wangu mgongoni. Jua likapanda utosini, kisha likaanza kuinama. King'ora hakikulia. Labda umeme wa bwawa la Koni ulikatika, labda mwenye kukipiga alikuwa naye anagombania nafasi ndani ya treni. Mjomba akamwonyesha mama saa yake ya mkononi: saa sita mchana, midi, imepita zamani.

"Yaya, sirène haiyalia," mama akamjibu kaka yake.

Behewa lilipoanza kusogea, mjomba alinyoosha mkono kutoka mlangoni. Mama hakuushika. Alibaki akitazama upande wa kiwanda mpaka treni ikapotea.

Tulirudi kwa miguu, mizigo kichwani, nami nikimchukia baba njia nzima. Tulimkuta mbele ya geti la kiwanda, amevaa suti yake ya harusi, begi katikati ya miguu.

"Juu ya nini munarudia?" aliuliza. "Sirène haiyalia."

Mama alitua mzigo, akafungua lile begi. Ndani mlikuwa na mashati yote ya baba, blanketi na redio. Alicheka kidogo, kisha akaketi chini vumbini akalia, na mimi sikujua nimshike au nimwache.