Baba Yetu Mmoja Juu ya Injini

Mtu akifika Mangobo na kumuulizia fundi wa Ardoval, huelekezwa kwenye kibanda cha mabati chenye mlango wa buluu, nyuma ya soko. Hakuna fundi mwingine. Ardoval zenyewe zimebaki sita tu mjini Kisangani, pikipiki kubwa, nyeusi, nzito kama gogo bichi, zilizoletwa kutoka Ulaya enzi za mapadre na mashamba ya kahawa. Zote sita zinaishi kwa mikono ya Basile Lokangu, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, aliyerithi kazi kwa baba yake pamoja na spana zake.

Basile si mtu wa maneno mengi. Akiletewa pikipiki inayosumbua, hukaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akainamisha kichwa, akasikiliza. Watu wa mtaa husema anaongea na injini. Yeye hukataa. "Mimi nasikiliza tu," husema. "Anayeongea ni yeye."

Mwanafunzi wake bora alikuwa mdogo wake, Constant. Miaka tisa iliyopita Constant alizama akivuka mto kwenda Lubunga, ng'ambo ya kushoto, pamoja na Ardoval aliyokuwa akimpelekea mteja wa barabara ya Opala. Abiria wengine waliokolewa. Constant hakuonekana. Mto haukumrudisha yeye, wala haukuirudisha pikipiki. Wavuvi wa Kigenia walitafuta kwa siku tano, watu wanaoujua mto ule kama wanavyozijua sufuria za mama zao, wakarudi mikono mitupu. Jeneza lilizikwa na suti yake ndani.

Tangu hapo Basile akawa baba wa nyumba mbili. Alisimama na mjane, Chimène, na mabinti zake wawili, ambao hawamwiti tonton, yaani ami, bali papa. Kila Jumapili baada ya misa alikuwa akila lituma kwao, ndizi zilizotwangwa vizuri, na samaki wa moshi. Na kila Jumapili, pamoja na tonge la kwanza, alikuwa akimeza neno moja ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

Neno lenyewe ni hili. Kwenye kivuko cha Lubunga, pikipiki haipandi mtumbwini ikiwa na joto. Mpiga kasia huweka kiganja juu ya injini na kusali Baba Yetu kimoyomoyo. Mkono ukivumilia mpaka Amina, pikipiki inapakiwa. Usipovumilia, mnangoja. Sababu iko wazi: abiria hukaa wamebanana, miguu mitupu, na mtu akiungua huruka, na mtu akiruka mtumbwi hupinduka. Wazee wana sababu ya pili, ila huisema kwa sauti ya chini: maji hayasahau kitu kilichoyaingia kikiwa cha moto.

Pikipiki ndogo hupoa kabla mtu hajamaliza kula ndizi ya kuchoma. Ardoval hutaka karibu saa nzima. Asubuhi ile, gerejini, Basile alimwambia mdogo wake: "Usingoje ipoe. Ardoval haiwezi kusimama kando ikitazama vitoto vya pikipiki vikipita mbele yake. Wape wapiga kasia kitu kidogo, wafumbe macho." Constant alitii. Katikati ya mto bomba la moshi lilimchoma mwanamke mmoja mguuni, naye akaruka.

Mji mzima ulisema: haraka ya Constant. Chimène mwenyewe alikuwa akisema hivyo, kwa uchungu, alipowaonya mabinti zake. Basile alinyamaza. Mwaka mmoja ukawa miwili, miwili ikawa tisa, na kimya kikaota mizizi ndani yake.

Mwaka huu kampuni ya Ardoval, ambayo wengi walidhani ilikufa zamani, ilimtuma mwakilishi mjini, binti mmoja wa Kisangani aliyeitwa Daniella, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Kinshasa. Alikuja na swali: je, kampuni iliyojijengea jina kwa pikipiki kubwa, ianze kutengeneza ndogo? Alikuja pia na mfano wake, Ardoval yenye injini ndogo kama ya pikipiki za teksi, nyeusi vilevile, na nembo ileile ya shaba kwenye tangi.

Wenye Ardoval za zamani wakakusanyika kwa Basile. Mkubwa wao alikuwa Papa Bavon, mkurugenzi wa shule aliyestaafu, mtu mwenye tumbo na maneno.

"Ardoval ndogo?" Papa Bavon alicheka mpaka akakohoa. "Mademoiselle, hiyo ni kumuvalisha askofu kaputula!"

"Askofu wa kaputula anavuka daraja la magogo, papa," Daniella alijibu. "Wa kanzu anaanguka."

Wote wakaangua kicheko. Chimène, aliyekuwa amewaletea chai, hakucheka. Yeye hutoa mchele barabara ya Opala na kuuuza sokoni, na barabara ile anaijua kwa magoti yake.

"Na ile kubwa ikianguka kwenye matope, nani anaiinua?" aliuliza. "Wanaume wane. Hii iko hapa nitaiinua mimi peke yangu, hata mutoto akiwa mugongoni."

"Sasa wewe unataka pikipiki ao kikapu?" Papa Bavon alimtania.

"Nataka kitu cha kunifikisha, papa. Jina, nitalipika?"

"Bon," Daniella alikata maneno. "Papa Basile ataijaribu. Atavuka nayo Lubunga, aende kilomita thelathini, arudi. Jumamosi atatuambia kama inastahili jina, na neno lake ndilo nitakaloandika."

"Neno lake tunalijua tayari," alisema Papa Bavon, akimkonyeza fundi.

Basile naye alilijua. Angesema hapana. Kwa sababu kama pikipiki ndogo inatosha kulibeba jina la Ardoval, basi siku ile hapakuwa na heshima yoyote ya kulinda, na Constant alikufa kwa ajili ya kiburi cha kaka yake. Hapana moja, ya adabu, na kimya kingeendelea.

Kesho yake asubuhi alifungua kichujio cha hewa, kama fundi yeyote angefanya. Ndani alikuta mchanga. Mchanga mweupe, laini, mbichi, na kijigamba cha konokono wa mtoni kisichozidi ukucha. Pikipiki ile ilikuwa imeletwa kwa ndege ndani ya sanduku la mbao, na saa yake ilionyesha kilomita nne. Haikuwa imewahi kukaribia mto. Basile alikisafisha kichujio, akakikausha, akafunga. Siku ya pili akafungua tena. Mchanga ulikuwepo, na safari hii maji yalimdondokea kwenye kidole cha mguu.

Hakumwambia mtu. Alikaa juu ya ndoo yake, akaiwasha injini, akasikiliza. Ilikuwa injini nzuri, nyepesi, yenye pumzi safi. Lakini chini ya sauti yake palikuwa na sauti nyingine, nzito, ya polepole, kama mtu mzima anayetembea nyuma ya mtoto. Basile akazima. Sauti ndogo ikakatika papo hapo. Ile nyingine iliendelea kwa pumzi mbili, tatu, ndipo ikanyamaza.

Siku ya tatu, jua likiwa limepanda na anga haina hata wingu, alishuka kivukoni. Mpiga kasia wake alikuwa Djuma, Mgenia mwenye mikono mirefu na ulimi mwepesi. Aliweka kiganja juu ya injini, midomo ikamchezacheza.

"Imepoa hata sijafika kwa 'mkate wetu,'" alisema akitabasamu. "Hii iko pikipiki ya Kikristo, papa. Tupakie."

Walikuwa wao wawili tu mtumbwini. Basile alishika usukani wa pikipiki, kama desturi inavyotaka, ufunguo ukiwa mfukoni mwake. Djuma aliimba kidogo. Walipofika katikati aliacha kuimba, kisha akaacha kupiga kasia. Alitazama ukingo wa mtumbwi. Kati ya ukingo na maji palibaki upana wa kidole.

"Papa Basile," alisema taratibu. "Ulipakia pikipiki ngapi?"

"Moja. Si ulinisaidia mwenyewe?"

"Macho yangu yalihesabu moja. Mutumbwi unahesabu mbili."

Ndipo Basile aliposikia joto likimpanda magotini. Aliigusa injini, akarudisha mkono haraka. Ilikuwa inaunguza. Na kutoka chini ya miguu yake, chini ya mbao, chini ya maji yenyewe, ikaja sauti ile nzito, ya polepole. Hakuwa na haja ya kuinamisha kichwa. Kati ya mapigo yake palikuwa na mgongano mdogo wa vali, tik, tik, ambao yeye mwenyewe aliuacha bila kurekebisha miaka tisa iliyopita, akisema ataufanyia kazi siku nyingine.

"Geuza. Turudi," alisema.

"Hapa hakuna kugeuza, papa. Tukigeuza maji yanaingia." Sauti ya Djuma haikuwa na mzaha tena. "Kama kuna mutu unamujua huku chini, umuambie kitu. Mbio."

Basile alifungua kinywa apate kusali. Sala haikutoka.

"Nitamwambia," alisema, akiyatazama maji. "Constant. Chimène nitamwambia."

Sauti haikukoma. Iliondoka. Ilisogea kuufuata mkondo, ikififia kidogo kidogo, kama pikipiki inavyoondoka nyumbani na wewe umebaki mlangoni. Mtumbwi ukainuka. Djuma alishika kasia na kupiga kwa nguvu mpaka Lubunga, na waliposhuka hakumtazama fundi usoni.

Na bado Basile alifanya kazi aliyotumwa. Alikwenda kilomita zake thelathini. Alivuka madaraja matatu ya magogo. Kwenye tope moja alianguka, akaiinua pikipiki peke yake, mzee wa miaka hamsini na minane, akaiegemea na kulia. Kisha akarudi.

Jumamosi walikusanyika tena gerejini. Papa Bavon alikuwa amevaa koti.

"Itengenezwe," alisema Basile.

"Papa Basile, jua lilikupiga kichwani?"

"Itengenezwe, na ipewe jina. Ile kubwa ni nzuri, nimeipenda maisha yangu yote. Lakini inataka watu wa kuingoja, na sisi tuliokuwa tunajivunia nayo hatukutaka kungoja." Akageuka. Chimène alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. "Chimène, mwanangu. Constant hakuwa na haraka. Mimi ndiye niliyemwambia asingoje ipoe. Nilimwambia awahonge wapiga kasia. Niliona aibu Ardoval ikae kando, ndogo zikipita."

Kalamu ya Daniella ilikuwa imesimama juu ya karatasi. Chimène aliweka sinia chini, polepole, kikombe kisigongane na kikombe, akafunga vizuri kitenge chake, akatoka. Hakuna aliyethubutu kumzuia.

"Niandike na hilo, papa?" Daniella aliuliza baadaye, kwa upole.

"Andika. Ndiyo sababu yangu. Nyingine sina."

Daniella aliituma ripoti, na mpaka leo kampuni haijajibu. Jumapili iliyofuata hapakuwa na lituma. Wala ile ya pili. Mabinti walipompita Basile sokoni walitazama kando. Alianza kuzoea kula peke yake, kwanga baridi, mkate wa muhogo, juu ya benchi la kazi, na alijiambia kwamba hii ndiyo hukumu, na kwamba ni ya haki.

Wiki ya tatu Chimène alikuja. Aliketi juu ya ndoo, mikono magotini.

"Nielezee tena," alisema. "Maneno uliyomuambia siku ile. Polepole."

Basile alieleza. Alimaliza, naye akaondoka bila kuaga. Wiki iliyofuata alikuja tena, akaketi palepale, akataka kusikia yote tangu mwanzo. Na iliyofuata. Hakulia wala hakulaumu. Alisikiliza ameinamisha kichwa upande, kama mtu anayelinganisha hesabu yako na hesabu ya mwingine.

Mara ya nne, Basile alipomaliza, Chimène hakusimama.

"Umeacha kitu, papa."

"Nimesema yote, mwanangu."

"Hapana. Mbele ya Constant kutoka mulangoni. Ulipiga kiti cha pikipiki makofi mawili, pa, pa, kama mutu anasukuma mutoto aende masomo. Naye akacheka. Akakuambia mukono wako unanuka mafuta mpaka siku ya kiyama."

Ilikuwa kweli. Basile alikuwa amelisahau kabisa, na sasa, kinywani mwa mwanamke huyu, lilirudi na kicheko chake na harufu yake. Asubuhi ile gerejini walikuwa watu wawili tu, na mlango ulikuwa umefungwa kwa sababu ya mvua. Kutoka hapo Constant alikwenda moja kwa moja kivukoni.

"Nani alikuambia, Chimène?"

Chimène aliisogeza ndoo karibu naye. Uso wake ulikuwa mtulivu, karibu wenye furaha.

"Anza upya, papa," alisema. "Na mara hii, anza na ile mvua."